Wakristo wa Moshi na Arusha: jirani anatupima kwenye sado, mshahara wa dada wa kazi na mpaka wa kihamba

#1 Mleta uzi (Moshi)

Wakuu, habari za jioni. Bwana asifiwe kwa wenzangu wa KKKT (Walutheri), Tumsifu Yesu Kristu kwa Wakatoliki, na salaam kwa ndugu zangu Waislamu na wale wasio na dini ambao najua mpo humu jukwaani. Uzi ni mrefu, asiye na nafasi sasa aurudie usiku.

Kuna jambo linaniuma. Huku mlimani Kilimanjaro hatujapungukiwa mahubiri. Wamisionari Wakatoliki walifika Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890, Walutheri wa misheni ya Leipzig, Ujerumani, wakaja 1893. Ni zaidi ya miaka 130. Panda gari kutoka mjini hadi Marangu uhesabu misalaba, utachoka kabla ya kufika Himo. Mtu ambaye hajaamini hapa Moshi, mara nyingi amesikia tangu anabebwa mgongoni. Aya anazijua, nyimbo anazijua, wengine wamesoma shule zetu hizi hizi. Anachongoja ni kuona kama hayo tunayoyasema yanatugharimu chochote.

Na mimi nimefikia mahali pa kuamini hivi: mtu huvutwa na imani yetu anapoona tumemtendea haki siku ambayo tungeweza kumdhulumu na asingekuwa na la kutufanya. Mchele wa Krismasi kwa watoto yatima ni jambo jema, tuendelee nao. Lakini kugawa mchele kila mtu anaweza, hata mwanasiasa wakati wa kampeni. Ugumu uko pale ambapo mwenzako yuko mikononi mwako, na hakuna anayeangalia.

Mimi nauza nafaka, kwa hiyo nianze na sokoni. Mnajua lumbesa. Mnunuzi anakwenda kwa mkulima, anapanga gunia, linajazwa hadi mdomoni, halafu anashonea juu yake kilemba kingine cha mahindi au viazi, na bei inabaki ya gunia moja. Sheria ya vipimo inakataza, lakini mkulima mwenye ada ya shule inayomsubiri atafanya nini? Atakubali. Huku rejareja nako kuna sado, yaani makopo ya kupimia nafaka, zilizobonyezwa kitako kwa ndani. Mteja akitazama kwa juu anaona imejaa. Wanaofanya hivi wamo waimbaji wa kwaya, na wamo wenye fulana za semina za Neno la Mungu. Kitabu cha Mithali, sura ya 11, kinafungua na mizani ya hadaa kuwa ni chukizo kwa Bwana. Hilo ni jambo la sokoni kabisa, halihitaji mchungaji aje kulifafanua.

Sasa nitoe mfano wa upande mwingine. Kuna mama mmoja hapo tunapouzia, ni wa kanisa la Kipentekoste, simtaji. Wateja wake wengi ni Waislamu, hasa Ramadhani inapokaribia na watu wanatafuta maharage na choroko za kutosha mwezi mzima. Yeye anajaza sado, anasawazisha kwa kiganja, kisha anaongeza konzi moja juu. Kijana aliyekuwa akimbebea magunia alimuuliza mbona haendi na wakati kama wengine. Mama akamjibu, "Nikipandisha bei mteja anaona, ataamua mwenyewe. Nikipunguza kipimo haoni, kwa hiyo nitakuwa nimemwamulia." Hakumfungulia Biblia. Kijana aliendelea kumtazama kwa muda mrefu tu, msimu wa mahindi ukaisha, ukaja wa mpunga. Sasa hivi yuko kwenye mafundisho ya ubatizo.

Jambo la pili ndilo linalonikosesha usingizi zaidi: dada wa kazi.

Nyumba nyingi za Kikristo hapa mjini zina dada aliyetoka mbali, Singida, Kondoa, Iramba, mwingine Lushoto. Anaamka kabla ya watu wote na analala baada ya wote. Jioni familia inakaa sebuleni kwa sala. Wimbo unaimbwa, Neno linasomwa, baba anaomba kwa ajili ya taifa na wagonjwa. Yeye yuko jikoni anasugua masufuria, anasikia kila kitu. Mwisho wa mwezi anaambiwa, "Nakuwekea, ukienda kwenu nitakupa zote." Akivunja sahani, inakatwa. Akiomba kwenda msibani kwao, inakuwa kesi. Mwaka ukiisha anapewa nusu, kitenge na nauli.

Msichana huyo akirudi kijijini kwao, watamuuliza alikokuwa. Atasema, nilikuwa kwa mzee wa kanisa huko Moshi. Wengine pale kijijini kwao hawajawahi kukaa karibu na Mkristo hata siku moja, na habari ya kwanza wanayopata kutuhusu ni hiyo. Yakobo, sura ya 5, anasema ujira uliozuiwa kwa hila unapiga kelele wenyewe, na kilio cha wavunaji kimefika masikioni mwa Bwana. Tukilirekebisha jambo hili kwa vitendo, yaani dada alipwe tarehe ile ile kila mwezi, mkononi au kwenye simu yake mwenyewe, apate siku ya kupumzika, aitwe kwa jina lake, akae mezani na sebuleni kama wengine, ninaamini tutakuwa tumehubiri Singida na Kondoa bila kulipa nauli ya mwinjilisti hata mmoja.

Wapo wanaosema haya ni mambo ya maadili tu, siyo Injili. Mtume Petro hakuyatenganisha hivyo. Katika waraka wake wa kwanza, sura ya 3, anawaambia wake ambao waume zao hawaliamini Neno kwamba waume hao wanaweza kuvutwa kwa mwenendo wa wake zao, "pasipo lile Neno". Anazungumza na watu ambao nyumbani kwao hawakuwa na mamlaka yoyote, hata ya kusema. Na bado anawaambia mwenendo wao una nguvu ya kumgeuza mtu.

Historia inatupa shahidi ambaye hakuwa upande wetu. Kaisari Yuliani wa Roma, karne ya 4, alitaka kuirudisha miungu ya zamani na aliwachukia Wakristo waziwazi. Akamwandikia kuhani wake mkuu wa Galatia akilalamika kwamba Wagalilaya hawa, ndivyo alivyotuita, wanawalisha maskini wao na wa wapagani pia, huku wapagani wakikosa msaada kutoka kwa wenzao. Alitaka makuhani wake waige. Mpinzani aliyekaa kwenye kiti cha enzi alikuwa ameona ni nini hasa kinachowavuta watu.

Hapa kwetu tuna hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa 1971 chini ya Shirika la Msamaria Mwema. Jina hilo ni zito. Msamaria yule alimhudumia mtu wa kabila lililomdharau, akalipa na gharama za nyumba ya wageni, na habari inaishia hapo bila kutuambia majeruhi alijiunga na dini gani.

Ndipo nifikie onyo. Wema ukigeuzwa chambo, watu wananusa. Unamsaidia mtu kulipia kitanda cha hospitali, kesho yake unamuuliza mbona hajaja ibadani. Yesu ambaye katika Mathayo 5:16 anatuambia nuru yetu iangaze mbele ya watu wapate kuyaona matendo yetu mema, sura inayofuata kabisa anasema tusifanye wema wetu machoni pa watu ili watutazame. Nimeyatafakari haya mawili pamoja kwa miaka. Ninavyoelewa, tendo lifanyike kwa sababu ni haki ya yule mtu. Kuonekana litaonekana lenyewe, huku uswahilini hakuna kinachofichika.

Na la mwisho, nalitaja haraka: maspika. Mkesha wa saa tisa usiku uliofunguliwa hadi mwisho, jirani ana mtoto mchanga au mgonjwa, na ukimwambia mchungaji apunguze unaambiwa una pepo. Hapo hatumvuti mtu.

Karibuni mchangie. Naomba tusitaje majina ya watu wala makanisa yaliyowakosea.

#2 Mdau wa Ngarenaro, Arusha

Mkuu umegusa. Mimi ni bodaboda, kijiwe changu kiko karibu na makanisa matatu. Jumapili mchana abiria yuko na Biblia mkononi, tumeelewana elfu mbili, tukifika anatoa elfu na mia tano, anasema "nyingine utanisamehe, Mungu atakubariki". Kwa nini anitangulizie baraka kwa hela yangu? Vijana pale kijiweni wengi hawaendi kanisani, na hayo ndiyo wanayoyazungumza.

Ila nimtendee haki mzee mmoja, Mlutheri wa Sakina. Nilimbeba usiku wa mvua, nikashindwa chenji, nikamwachia. Kesho yake asubuhi alikuja kijiweni kwa miguu akiwa na mia tano yangu. Vijana walinyamaza kabisa. Tangu siku hiyo akipita pale wanasimama kumwamkia.

#3 Mdau wa Njoro, Moshi

Assalaam alaikum na habari zenu. Mimi ni Mwislamu, nimezaliwa hapa hapa mjini. Baba yangu alipofariki, majirani zetu wa ukuta kwa ukuta walikuwa Wakristo. Yule baba alikuja kabla ya maimamu, akauliza tunahitaji nini na nini hakiruhusiwi. Mkewe akaenda kununua nyama kwa mchinjaji wetu, akaomba sufuria zetu za kupikia ili asituletee kwenye sufuria zake. Vijana wao walishika majembe makaburini. Siku tatu hawakuwasha redio.

Sijabadili dini na sitabadili, Inshallah. Lakini mtu akianza kuwatukana Wakristo mbele yangu namkatisha. Sasa nataka kumuuliza mleta uzi kwa heshima: kwa maelezo yako, wale majirani zangu walifaulu au walishindwa?

#4 Mdau

Naheshimu uzi, lakini tuwe makini. Warumi 10:17 inasema imani chanzo chake ni kusikia. Ukiishi vizuri ukanyamaza, watu watasema "yule mama ana roho nzuri" basi. Hata wasioamini wapo wenye roho nzuri. Nani atajua ni Yesu?

#5 Mleta uzi (Moshi)

Ndugu wa Njoro, wa alaikum salaam, na pole kwa msiba wa mzee ingawa ni wa zamani. Swali lako nimelisoma nikaiweka simu chini kwanza. Jibu langu: walifaulu. Walikuwa na deni la ujirani, wakalilipa kikamilifu, na kwa namna iliyoheshimu imani ya marehemu. Mkristo anayeona wema huo umepotea kwa sababu hukubatizwa, alikuwa akikufanyia biashara tangu mwanzo. Mioyo ya watu ni ya Mungu. Kitendo cha yule mama kuomba sufuria zenu kimenifundisha, na nitakisimulia usharikani kwetu kwa ruhusa yako, bila kutaja mtaa.

Mdau wa #4, hoja yako ni ya kweli na siipingi. Neno lazima lisemwe. Ninachosema ni kwamba kwa watu waliokwisha kusikia, Neno linahitaji mtu wa kuliunga mkono kwa maisha yake. Wakumbuke walokole wa Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ukasambaa hadi Bukoba na huku kwetu. Walihubiri sana, kila mahali, hata kwenye vituo vya mabasi. Lakini wazee waliokuwepo wanachokumbuka ni watu waliokwenda kwa waliowaibia na kurudisha vitu. Mtu anarudisha jembe, mwingine anakwenda kwa mwajiri kusema, "Nilikuwa nakuibia, hizi hapa." Hapo hata asiyependa nyimbo zao alilazimika kuuliza kuna nini. Akiuliza, ndipo unamjibu, na wakati huo anasikiliza kwa sababu swali ni la kwake.

Bodaboda wa Ngarenaro, ile "Mungu atakubariki" kwa hela ya mtu mwingine naomba nitumie kanisani. Imeniingia.

#6 Mdau wa Meru

Ngoja niwape ya kwetu. Wamisionari wawili wa Leipzig, Ovir na Segebrock, waliuawa Akeri Oktoba 1896, wakiwa wamefika tu, pamoja na baadhi ya Wachagga waliokuwa nao. Kisasi cha askari wa Wajerumani kilikuwa cha kutisha, watu waliuawa na mifugo ikachukuliwa. Fikiria mtu anakuja baada ya hapo kukuambia habari ya Mungu wa upendo! Kazi ilipoanza tena Nkoaranga mwaka 1902, babu zetu hawakuwa na sababu ya kuwaamini watu wale. Ilibidi wakae nao, shule, dawa, miaka mingi. Kwa hiyo naunga mkono: mahali ambapo jina limechafuliwa kwa vitendo, maneno hayalisafishi.

#7 Mleta uzi (Moshi)

Asante sana mdau wa Meru. Nilitaka mtu wa huko aliseme mwenyewe.

Kuna ndugu amenifuata faragha, amekubali niliweke swali lake hapa bila jina. Kaka yake amefariki, ameacha mjane na watoto wawili wa kike. Ukoo unasema kihamba, yaani shamba la nyumbani la ukoo, kirudi kwa wanaume, mjane aende kwao. Wote katika ukoo huo ni wakomunika, yaani wanashiriki Meza ya Bwana. Anauliza afanye nini, kwa sababu Desemba watu wote wanapanda nyumbani na kikao cha ukoo kitakaa.

Ndugu yangu, hapa ndipo ulipo mtihani wenyewe. Wachagga tunapanda mlima Krismasi kwa maelfu, ndafu zinachomwa, makanisa yanajaa hadi nje, mnada wa sadaka unachangamka. Wiki hiyo hiyo wajane wanafukuzwa na masale yanahamishwa usiku. Kwa mdau asiyejua, masale ni mimea tunayopanda mpakani mwa vihamba. Wazee wetu waliiheshimu hata kabla ya Biblia kufika. Ukimkosea mtu ukamletea isale kuomba suluhu, hawezi kukukatalia. Kung'oa isale la mpakani lilikuwa jambo la kuogopwa. Torati nayo, Kumbukumbu la Torati 19:14, inakataza kuondoa alama ya mpaka wa jirani. Yaani mila na Maandiko vimekubaliana hapa, halafu sisi tuliobatizwa tunavikiuka vyote viwili kwa pamoja.

Mchungaji Bruno Gutmann, aliyekuja Kilimanjaro 1902 na kuishi miaka mingi Kidia, Old Moshi, aliona kwamba Injili kwa Mchagga inapaswa kushika mizizi kwenye ukoo, ujirani na rika. Alikuwa na mengi ya kujadiliwa, lakini hilo aliliona vizuri. Ukoo wa Kikristo ukimtupa mjane, wanaotazama hawaoni kosa la mtu mmoja. Wanaona mti mzima. Watoto wale wawili wa kike watakua wakijua kanisa lilikuwa upande gani siku ile.

Kwa vitendo, fanya hivi. Usisubiri kikao. Nenda sasa kwa mzee wa ukoo anayesikilizwa, ukiwa na mzee wa kanisa wa mtaa wenu, wote wawili wasikie jambo moja kwa wakati mmoja, maana wakisikia tofauti utakwama. Waambie wazi kwamba wewe kama mdogo wa marehemu hukidai kihamba hicho, na uko tayari kuweka sahihi. Hilo litawanyamazisha wengi, kwa sababu wanasema wanakitetea kwa ajili yako. Kisha mjane afungue mirathi mahakama ya mwanzo, akiwa na cheti cha kifo, na msimamie muhtasari wa kikao uandikwe na majina ya watoto yawemo. Ukoo ukidai ni mila, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Mtendaji wa kijiji anajua hilo, ila hatalisema asipoulizwa.

Watakuita msaliti. Mkeo ataulizwa maswali sokoni. Mchungaji anaweza kukwambia mambo ya ukoo yaachwe kwa ukoo, na akisema hivyo mwombe kwa adabu aje kikaoni aliseme mbele ya mjane.

Nauli ya mzee wa kanisa na karatasi za mahakamani, nitumie ujumbe, tutasaidiana. Na wengine wenye kesi kama hii Rombo, Hai au Arumeru waziweke hapa, kuna wanasheria humu jukwaani ambao nimewaona wakijibu kwenye nyuzi nyingine.